Mbuzi Watatu na Mstari Mwekundu

Machi 12, Jumatano

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na mimi nimeanza kuandika shajara. Tutaona nani atachoka kwanza.

Karatasi ninazo. Duka letu la fotokopi hapa River Road huharibu kurasa nyingi kila siku, na nasema "duka" kwa heshima, maana anayeziharibu ni mimi. Upande mmoja umechapwa umekaa kombo, wa pili ni mweupe kabisa. Bosi wangu Abdulrauf anasema nizitupe. Mimi nazibeba nyumbani. Nyuma ya ukurasa huu, kwa mfano, kuna jaji anayeeleza mpaka wa shamba la mtu huko Limuru. Aeleze tu, simsumbui.

Naitwa Jackton Were, miaka ishirini na nne, elimu Fomu Tu, yaani kidato cha pili, na nusu. Hiyo nusu usiidharau. Kazi yangu ni kuwatolea mawakili nakala za hukumu za zamani na kuzibaindi kama vitabu. Wakili haendi kortini na mdomo mtupu. Anabeba hukumu za kesi zilizofanana na yake ili amwambie jaji, "Mtukufu, wenzako waliamua hivi, nawe amua hivyo hivyo." Wao huziita othoriti. Na kama iliamuliwa na korti ya juu, jaji wa chini hana ujanja, anafuata. Siku hizi mambo mengi yamehamia kwenye kompyuta, lakini bado kuna watu wazima wanaopenda kufunua karatasi, na hao ndio wanaonilisha.

Miaka sita nimebaindi othoriti. Nitajie kesi nikutajie idadi ya kurasa. Kuna mawakili wa digrii mbili wanaoniuliza, "Jack, ile ya mlinzi aliyefutwa kazi iko wapi?" Nawapa bila kutazama.

Abdulrauf ametoka Lamu na Kiswahili chake kimepigwa pasi. Ana sheria moja tu. Korti ya juu ikitengua hukumu, yeye huchukua kalamu nyekundu na kupiga mstari mgongoni mwa nakala zilizo rafuni. "Hii imekufa," husema. "Ukimuuzia mtu maiti, dhambi ni yako, kijana."

Mimi nina rafu yangu mwenyewe chini ya kitanda. Nakala ishirini na tatu, zile tamu tamu. Wageni wakija nawaonyesha.

Machi 16, Jumapili

Chakula cha mchana kwa kaka yangu Lenox, hapa hapa Uthiru, ploti ya pili kutoka kwangu. Lenox huchomelea vyuma. Wiki hii wanafunga ngazi kwenye jengo jipya Westlands. Aliponiona mlangoni akapiga saluti.

"Wakili wa Fomu Tu ameingia! Wote simameni!"

Mtoto wake Ivyne, wa miaka minne, akasimama kweli, kijiko mkononi.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Korti inakula kwanza."

Mke wake Kanini alicheka hadi akauweka mwiko chini. Baada ya kula alinisukumia sahani. "Shem, leo unaosha."

"Mimi? Umesahau nani alivuta mbuzi?"

Hilo ndilo jibu langu kila Jumapili, na kila Jumapili naosha hata hivyo. Lakini mbuzi ni kweli. Miaka mitano iliyopita, Lenox hakuweza kumwambia Mama kwamba amempenda Mkamba, maana Mama alikuwa ameshamchagulia msichana huko kwetu Busia. Tukaenda Mwala, kwao Kanini, wawili tu, mbuzi watatu nyuma ya pikapu ya kukodi. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Mimi ndiye niliyeiweka mkononi mwa baba yake Kanini, Mungu amrehemu. Kwa Wakamba mbuzi hao huitwa ntheo. Mzee akishawapokea, msichana ni mke wa mtu, kilichobaki ni sherehe.

"Mama nitamwambia Krismasi," Lenox akasema leo.

"Krismasi gani?" Kanini akamuuliza. "Hii ya sita?"

Machi 18

Mvua. Paa la duka linavuja juu ya stepla kubwa. Abdulrauf amefunga Ramadhani. Nimekula chapati mbele yake, nikaomba msamaha, nikaongeza moja.

Machi 20

Lenox ameanguka. Ghorofa ya nne, bomba za jukwaa zilikuwa zimelowa mvua.

Nilikimbia kutoka River Road hadi Westlands kwa miguu, maana magari yalikuwa yamesimama. Walikuwa wamemfunika kwa turubai. Glavu zake alikuwa bado amezivaa. Kanini alifika baadaye, akapiga magoti kwenye tope, akamvua glavu moja moja, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha.

Machi 21

Sina la kuandika.

Machi 24

Mama amefika kutoka Busia na baba mdogo Ogutu. Tulikaa kwa Lenox. Kanini aliwaletea chai kwa magoti, na Mama akaipokea bila kumtazama.

"Mwanangu atalala Busia, kando ya baba yake," Mama akasema.

"Mama, tulikuwa na kaploti ketu Gikambura," Kanini akasema. "Alikuwa amechimba msingi. Alisema siku yake ikifika alazwe pale, mtoto awe anamwona. Ivyne akienda Busia ataenda lini tena?"

Baba mdogo Ogutu akaweka kikombe chini. "Binti, pole sana. Lakini wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wake."

"Kwa ndoa ipi? Hii ya njoo-tukae?"

"Alileta ntheo kwetu. Mbuzi watatu."

"Nani wa ukoo wetu aliwaona hao mbuzi?"

Akatutazama mmoja mmoja. Jicho lake likanifikia. Mama naye akanitazama, macho mekundu, skafu ya msiba imelegea. Kanini peke yake hakunitazama. Alikuwa ananipa nafasi.

Nilikitazama kikombe changu. Kilikuwa na maua ya bluu. Nilihesabu saba.

Machi 27

Kanini si mtu wa kulia tu. Ameenda kortini Milimani mwenyewe, bila wakili, na amepata amri ya kuzuia mwili usitolewe mochari hadi kesi isikilizwe. Jioni alinisimamisha getini, Ivyne mgongoni amelala.

"Shem, sikuombi kitu kikubwa. Apa tu. Andika kwenye kiapo kwamba ulivuta mbuzi, ukaona baba akiwapokea."

Sasa nitaandika nilivyomjibu, kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia.

"Kanini, mbuzi ni maneno ya sokoni," nikamwambia. "Korti haitishwi na mbuzi. Korti inatishwa na hukumu. Mimi nitakupa hukumu ya mwanamke kama wewe, bila mahari, bila harusi, na jaji akampa mwili wa bwanake. Ukiwa na hiyo, mimi wa nini?"

"Kwa hivyo hutaapa."

"Nakupa kitu kizito kuliko mimi!"

"Unaogopa Mama."

"Mimi? Niogope?"

Nikacheka. Nilicheka vizuri sana, hadi mlinzi wa geti akacheka pia bila kujua sababu.

Machi 31, Idd

Duka limefungwa. Nimeingia chini ya kitanda changu nikaitoa: kurasa thelathini na moja, spairo ya bluu mgongoni, plastiki mbele. Mwanamke aliishi na mwanamume miaka tisa. Jaji akasema huyo ni mke, na mke ndiye anayezika. Nimesoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, ninavyosoma zote.

Kanini aliipokea kwa mikono miwili.

"Na una uhakika, Jack?"

"Unamuuliza nani?" nikamwambia. "Mimi ndiye River Road."

Aprili 3

Mvua, siku ya tatu mfululizo. Mama analala kwenye kitanda changu, mimi sakafuni. Leo alizifua zile glavu za Lenox. Aliziosha mara mbili, akazianika dirishani ambako haziwezi kukauka.

"Jackton," akaniita, mgongo kwangu. "Wewe ulimjua. Yule msichana, kaka yako alimwoa?"

Nilikuwa na neno. Lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini nikaona mabega yake, nikakumbuka kwamba sasa nimebaki mimi tu.

"Sijui, Mama."

Si kitu, nikajiambia. Kazi itafanywa na zile kurasa thelathini na moja. Kanini atashinda, Mama atakuwa ameshindwa na jaji, hatakuwa ameshindwa na mimi. Kila mtu atanipenda.

Aprili 5

Mvua. Nimeosha sahani zangu mwenyewe.

Aprili 9

Nitajaribu kuandika kila kitu.

Chumba cha korti kilikuwa kimejaa makoti yenye maji. Mimi nilikaa benchi la nyuma, upande wa Mama na baba mdogo Ogutu. Upande wa pili walikuwa Kanini na mama yake, bibi mfupi aliyetoka Mwala na kitambaa kichwani. Wakili wa ukoo aliitwa Jamleck, mwenye viatu vya kung'aa hata kwenye tope. Jaji alikuwa mwanamke mtulivu, miwani kwenye kamba.

Kanini alisimama akaeleza. Alieleza Mwala, pikapu, na mbuzi. "Mmoja mweupe, mmoja mweusi, mmoja wa hudhurungi mwenye sikio lililochanika." Nilipomsikia akitaja lile sikio, mkono wangu uliuma pale kamba iliponikata siku ile.

"Nani kutoka upande wa marehemu alikuwepo?" jaji akauliza.

Kanini hakugeuka nyuma. "Alikuwepo ndugu yake, Mtukufu."

"Ameapa? Jina lake limo kwenye karatasi zako?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sikutaka kumgombanisha na mama yake."

Alisema hivyo. Alinifunika. Na mimi nikiwa mita sita nyuma yake, nimevaa koti la Lenox.

Kisha akainua spairo ya bluu. "Lakini nina hukumu, Mtukufu. Mahakama iliamua zamani kwamba mwanamke kama mimi ni mke."

Nikanyoosha shingo. Hata katika hali ile, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari kidogo. Baindi yangu ilikuwa imenyooka.

Jamleck alisimama taratibu, hakuwa hata na furaha. "Mtukufu, kwa huruma kubwa kwa mlalamishi. Hukumu hiyo ilitenguliwa. Mahakama ya Rufaa iliifuta miaka mitatu iliyopita, ikasema kuishi pamoja pekee hakutoshi, lazima mila ithibitishwe." Akataja namba ya kesi bila kutazama karatasi. Ninavyofanya mimi.

Jaji akavua miwani. "Mama, nani alikupa hukumu hii?"

"Nilipewa na mtu ninayemwamini."

"Haiwezi kukusaidia. Hata kama ningependa kuifuata, walio juu yangu wameifuta, nami nimefungwa na uamuzi wao. Una lolote lingine?"

Kanini akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma, akitafuta mahali ambapo huenda panasema vingine. Plastiki ilikuwa inapiga kelele. Mtu mmoja tu humo ndani angeweza kusimama na kusema, "Mtukufu, mimi ndiye niliyeshika kamba." Miguu anayo. Mdomo anao, River Road nzima inaujua.

"Sina, Mtukufu," Kanini akasema, akakaa.

Aprili 10

Nilimweleza Abdulrauf. Hakufoka. Alinyanyuka, akaenda kwenye rafu, akarudi na nakala ile ile, kurasa thelathini na moja. Mgongoni ilikuwa na mstari mwekundu, umeshaanza kufifia.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Hatua tano kutoka kwenye kiti chako."

"Yangu niliichukua kabla hujapiga mstari."

"Najua. Ukaiweka chini ya kitanda, ukadhani bado ni hai kwa sababu bado ni nzuri." Akakaa. "Haya. Na wale mbuzi, kijana? Nao walikuwa na mstari mwekundu?"

Mashine ilikuwa imekwama karatasi, nikaishughulikia saa nzima ingawa ilihitaji dakika mbili.

Aprili 16

Uamuzi umesomwa. Naandika sehemu moja tu, niliisikia vizuri:

"Mlalamishi ameeleza kuhusu mbuzi hao kwa undani unaoishawishi mahakama kwamba huenda walikuwepo. Mama yake mzazi ameapa. Lakini kutoka upande wa marehemu hakuna hata mmoja aliyejitokeza kusema aliona. Mmoja angetosha."

Mwili umepewa Mama.

Kanini hakulia. Alimfunga Ivyne koti, kifungo baada ya kifungo, akatoka kwenye mvua. Nilimfuata hadi ngazi za nje.

"Kanini."

"Usiniguse, Jack. Nenda ukamzike kaka yako."

Aprili 19, Busia

Tumemzika kando ya Baba. Huku pia kunanyesha. Watu walisema mimi ni kijana mwema, nimemsimamia mama yangu.

Usiku huo Mama hakuingia ndani. Tulikaa barazani, yeye na zile glavu mapajani.

"Walikuwa na sikio lililochanika, wale mbuzi?" akaniuliza.

"Mmoja, Mama. Yule wa hudhurungi."

"Nilijua pale pale kortini. Mtu anayedanganya hataji sikio." Akazikunja glavu. "Nilijua, lakini nilikuwa nimeshamtaka mwanangu. Wewe ulikuwa unataka nini?"

Aprili 28

Nimerudi. Mvua. Nyumba ya Lenox imefungwa, Kanini amehamia Gikambura. Mwenye ploti anasema alilala hapo siku ya mwisho bila godoro.

Mei 2

Mashine imekwama. Mimi pia.

Mei 13

Leo kaja wakili kijana, tai imelegea, na karatasi ndogo yenye namba ya kesi. "Jack, nitolee hii nakala tano. Mpya mpya. Nasikia ni moto."

Nikaitafuta kwenye kompyuta. Jina la kwanza juu lilikuwa la Kanini. La pili, la Mama.

"Unaitakia nini?" nikamuuliza. Sijawahi kumuuliza mteja swali hilo.

"Kuna mwanamke Kawangware anataka kumzika bwanake. Hana cheti. Anasema mahari ilipelekwa." Akacheka kidogo. "Hii inammaliza. Hakuna mtu wa upande wa bwana aliyeona, basi hakuna ndoa."

Abdulrauf alinitazama kutoka kwenye kaunta yake. "Isome kwanza," akaniambia. "Yote. Mteja atasubiri."

Nikaisoma, kurasa kumi na tisa, kutoka juu hadi chini, mara yangu ya kwanza katika miaka sita. Nipo ndani. Aya ya ishirini na mbili: "ndugu wa marehemu, ambaye hakuitwa wala kujitokeza." Ukimya wangu sasa una namba ya kesi. Utabaindiwa, utawekewa plastiki, utabebwa kortini na watu nisiowajua, na majaji watauliza, na wake za watu watakaa chini.

"Wakili," nikamwambia nikimpa nakala zake, "hapa haijasemwa mbuzi hawakuwepo. Imesemwa hakuna aliyesema. Kama huyo mama ana shahidi, hii haimmalizi."

Akanitazama kama mashine imeongea. "Umeanza kusoma sheria, Jack?"

"Leo."

Mei 20

Jua. Siku nzima. Watu wanalisifu kana kwamba ni mtu.

Mei 29

Kanini amekuja dukani.

Alikuwa na Ivyne mkononi na mwavuli ambao haukuhitajika. Amekonda. Abdulrauf alimpa kiti chake mwenyewe, akamchukua mtoto akamwonyesha jinsi mashine inavyopiga picha ya mkono. Ivyne akatoa mikono minane.

"Nimekuja kuchukua nakala ya ile hukumu," Kanini akasema.

"Kanini, nisamehe."

"Sikuja kwa hilo." Alisema polepole, bila hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Ivyne ameambiwa huko Gikambura kwamba mamake hakuwa mke wa mtu. Watoto wanasikia kwa wakubwa. Siku moja atajua kusoma, ataitafuta hii, ataikuta. Nataka akiikuta akute na kitu kingine kimeshonwa nayo."

"Kitu gani?"

"Unajua kitu gani."

"Korti imeshamaliza. Sasa hakuna atakayekisoma."

"Atakisoma yeye."

Nilimtolea nakala. Ilitoka kurasa kumi na tisa safi, na moja ikaharibika, imekaa kombo: ile ya aya ya ishirini na mbili. Hiyo sikuitupa. Nimeigeuza, upande mweupe, na ndiyo ninayoiandikia hapa. Nikimaliza naibaindi mwisho wa hukumu, ukurasa wa ishirini. Kanini amekaa ananingoja. Abdulrauf amezima mashine ili pawe kimya.

Mimi, Jackton Were, mtu mzima, mkaazi wa Uthiru, fundi wa fotokopi, naapa na kusema:

Kwamba nilikwenda Mwala na kaka yangu Lenox, mwezi wa Disemba, siku ya jua kali.

Kwamba mbuzi walikuwa watatu, mweupe, mweusi, na wa hudhurungi mwenye sikio lililochanika, na kwamba huyo wa mwisho alinivuta hadi kamba ikanikata kiganja cha kulia, na alama ipo, Ivyne, njoo uione wakati wowote.

Kwamba niliiweka kamba mkononi mwa babu yako, naye akaipokea. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni amevaa gauni la kijani, na baba yako alikuwa akitetemeka kwa furaha hadi nikamcheka.

Kwamba siku hiyo mama yako akawa mke wa baba yako.

Kwamba niliyajua haya yote tangu mwanzo. Kwamba niliulizwa na baba mdogo Ogutu, nikaulizwa na mama yako, nikaulizwa na bibi yako wa Busia, na kwamba kortini hakuna aliyenizuia kusimama.